Je, Gogo Dogo la Mchungwa ni Kuni Tu?

Wasomaji wengine wataona ajabu mwalimu kuacha habari za vitabu na kuandika habari za kuni. Walakini naomba mnivumilie, kwa maana swali nililo nalo halikunijia kitabuni. Lilinijia uani kwetu Gwata, juu ya rundo la magogo madogo ya mchungwa, nalo limenisumbua tangu siku ile. Swali lenyewe ni hili: mti uliotulisha miaka mingi ukifa, nasi tukaukata, je, tunawiwa nini nao? Ni halali kuutia motoni mara moja, au yatupasa kwanza kuutafutia kazi iliyo njema zaidi?

Habari za miti mikubwa zinajulikana. Mvule na mninga husifiwa na kila seremala. Mpingo hupelekwa hata Ulaya, na huko hutengenezwa zumari zao ziitwazo klarineti. Mtu aliye na gogo la mninga hana haja ya kufundishwa thamani yake, kwa sababu wanunuzi watamfundisha. Lakini nani atakayemtetea mchungwa, au mpera, au mlimau? Shina lake halizidi sana paja la mtu, matawi yake yamepinda, wala hakuna mwenye kiwanda atakayepeleka gari kulichukua. Kwa hiyo watu husema, “Hizo ni kuni,” na maneno yamekwisha. Na huku kwetu Uzaramo, pande za Kibaha na Kisarawe, neno hilo lina nguvu zaidi kwa sababu tu jirani na Dar es Salaam, na mji ule haushibi mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeumia sana kwa mashoka ya wachoma mkaa. Mahali ambapo kila kijiti kina bei ya moto, ni vigumu mtu kukumbuka kuuliza kama kina thamani nyingine.

Mchungwa wetu ulipandwa na marehemu babu yangu mwaka 1974, wakati watu wengi wa nchi hii walipohamishiwa katika vijiji vipya. Babu alikuwa hapendi kuhama, lakini alipokwisha kufika alipanda mti kabla hajamaliza kuezeka nyumba. Alikuwa akisema ya kuwa makao yasiyo na mti wa matunda ni kambi tu. Sisi wajukuu tulikula machungwa yale, tukapanda matawi yale, tukachapwa kwa vijiti vya matawi yale yale tulipokosa adabu. Madaftari yangu ya kwanza yalinunuliwa kwa fedha ya machungwa hayo. Basi vuli ya mwaka 2021 ilipokosekana, mto Ruvu ukapungua hata wakazi wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Mchungwa wetu tayari ulikuwa mgonjwa, ukitoka utomvu karibu na ardhi, nao haukuweza kuvumilia ukame juu ya ugonjwa. Mwaka 2022 ulipofika katikati, hakuna jani bichi lililosalia.

Mwezi wa Agosti tuliketi baraza la nyumbani. Ndugu yangu mdogo alisema ya kuwa yuko mchoma mkaa aliye tayari kuuchukua mti mzima na kulipa papo hapo, nasi tulikuwa na haja ya fedha. Mama alisema tuukate, tupate kuni za miezi miwili, naye apumzike kwenda porini. Mimi nilikataa yote mawili. Nilisema ya kuwa mti uliotusomesha haufai kuishia moshi, bali nitatengeneza vyombo kwa magogo yake, navyo vitakaa nyumbani kwa ukumbusho wa babu. Nilisema maneno mengi, nao wakaniachia, kwa kuwa mimi ni mkubwa na tena mwalimu. Na mtu akishinda shauri kwa ukubwa wake badala ya kulithibitisha, imempasa kuwa na hofu kidogo.

Tuanze basi na swali lenyewe. Kwamba mti wa matunda una heshima yake, wazee wa dini walilijua zamani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, jeshi lililozunguka mji lakatazwa kukata miti ya matunda ya mji ule, ingawa miti isiyo ya chakula yaruhusiwa kukatwa. Na Waislamu husimulia ya kuwa Abubakari, khalifa wa kwanza, alipopeleka jeshi Shamu aliwaagiza watu wake wasikate mti uzaao. Lakini tukiyaangalia vema, maagizo hayo yote ni juu ya mti ulio hai. Hayasemi neno juu ya mti uliokwisha kufa. Hapo mtu hana budi kutumia akili yake.

Wako wasemao ya kuwa mti uliokufa hauna haki yo yote, nami sitaki kuwacheka, maana wana hoja nzito. Wanasema, moto si dharau. Nyumba nyingi za nchi yetu hupika kwa kuni au kwa mkaa mpaka leo, na mwanamke aendaye mbali kutafuta kuni akirudi na mzigo kichwani hawezi kuambiwa ya kuwa gogo la uani ni takatifu. Mti uliokupa matunda ukiwa hai, nao ukakupa uji ukiwa umekufa, umekutumikia mara mbili. Ubaya uko wapi? Hiyo ndiyo hoja yao, na mtu mwenye kushiba asiikatae upesi.

Hoja ya upande wangu ni hii. Mchungwa wahitaji miaka mingi kujenga mwili wake, na moto huumaliza kwa jioni chache. Kama kuni nyingine ingeweza kufanya kazi ile ile ya moto, lakini mpini mwema usiweze kufanywa kwa kila mti, basi kuchoma mti wa mpini ni kama kumtuma fundi kubeba mchanga. Mchanga utabebwa, ni kweli, lakini kazi aliyoiweza yeye peke yake haitafanyika. Nasi watu wa sasa twachoma kwa kuwa hatujui tunachokichoma. Mchungwa una mti wa manjano, mzito, mgumu, wenye nyuzi zilizoshikamana, na ukilainishwa huwa kama pembe mkononi. Wafaa mipini ya nyundo na tezo, wafaa na miko, maana haukwaruzi sufuria wala hautii harufu katika chakula. Mpera ni mgumu na tena wanyumbuka. Ndiyo maana watoto huupenda kwa manati na kwa pia, na wakulima kwa mipini. Mkwaju una moyo mweusi-mweusi wenye wekundu wa zambarau, mzito sana, nao ni mti wa vinu, michi na nyundo za mbao. Mwembe ni laini na huoza upesi ukilazwa chini, lakini Unguja mafundi wamechonga ngalawa kwa miembe tangu zamani. Mfenesi ni wa manjano, nao huiva kuwa wa rangi ya kahawia kwa kadiri ya miaka. Kule kusini ya India hutengeneza kwa mti huo ngoma zao na chombo cha nyuzi kiitwacho vina. Na mafundi wa Ulaya walichagua mti wa mpeasi, ambao nao ni mti wa matunda, wakachonga juu yake picha za kupigwa chapa vitabuni, kwa kuwa nyuzi zake hazikatiki ovyo chini ya kisu.

Wala udogo wa gogo si aibu. Vitu vingi ambavyo mtu huvishika kila siku ni vidogo: mwiko, mpini wa kisu, mpini wa upawa wa kifuu, kitana, mchi wa kinu kidogo cha vitunguu, kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Hata mitalawanda ambayo watu wa pwani walivaa miguuni ilitoka katika vipande ambavyo seremala wa milango asingeinama kuviokota. Na Wazaramo wenyewe walikuwa na mwanahiti, sanamu ndogo iliyopewa mwali katika siku zake za kuwekwa ndani. Ile sanamu huweza kuenea katika kiganja cha mkono, na kipande chake cha mti hakingetosha kuchemsha birika la chai, lakini mama huweza kumpa binti yake, na binti naye amweke mwanawe. Leo sanamu hizo zimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na watu hulipa kiingilio kuzitazama. Basi ukubwa wa kazi haupimwi kwa ukubwa wa gogo.

Mpaka hapa nafikiri nilikuwa na haki, na kama ningekoma hapa ningekuwa nimeandika insha nzuri ya kujisifu. Lakini imenipasa kusema yaliyofuata.

Nilikata mchungwa, nikapata magogo 14, kila moja urefu wa mkono mmoja au zaidi kidogo. Niliyapanga chini ya ukingo wa nyumba, juu ya ardhi, na magome yake yote, nikasema moyoni, “Akiba haiozi.” Siku ya kwanza nilikusudia kuanza Jumamosi. Jumamosi palikuwa na mkutano wa shule. Kisha ikaja mitihani, kisha likizo, kisha safari. Kila nilipopita niliyatazama magogo yangu kwa furaha, kama mtu atazamaye kazi iliyokwisha kutendeka. Mwezi wa Septemba ukapita, na Desemba ikapita, wala sikuwa nimetoa hata ganda moja.

Masika ya mwaka 2023 ilipoingia, asubuhi moja ya Aprili mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku. Akaja kwetu bibi mmoja mzee, jirani yetu, akaaye na wajukuu wawili wadogo. Alisimama chini ya ukingo, maji yanamtiririka katika kanga, akapiga hodi.

“Karibu, Bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kuni zangu zote zimelowa, moto haukubali kabisa. Naona hapa una vipande vikavu. Nipe viwili vitatu niwapikie watoto uji.”

Nikamjibu, “Bibi, hizi si kuni. Ni mti wa kazi, nitachonga miko.”

Alinitazama, akayatazama magogo yaliyojaa utando wa buibui, kisha akasema kwa upole, “Haya, baba. Chonga.” Akajifunika kanga yake, akarudi mvuani.

Mama alikuwa jikoni na aliyasikia yote. Hakunikemea. Alitwaa nusu ya kuni zake alizokuwa amezihifadhi darini, akazifunga katika gunia, akatoka nazo mwenyewe kumfuata yule bibi. Aliporudi amelowa, alinipakulia uji wangu wala hakunitazama usoni. Nami niliunywa, nao ulikuwa mchungu, ingawa ulikuwa na sukari.

Kwa aibu ile, Jumamosi iliyofuata nilimwita fundi mmoja mzee wa kijiji chetu, seremala ajuaye kazi, nikamwomba anionyeshe namna ya kuanza. Aliinua gogo la kwanza, unga mwembamba ukamwagika kama unga wa sembe kutoka katika matundu madogo. La pili lilikuwa na ufa uliokwenda tangu gome hata moyoni. La tatu likawa limekwisha kuliwa na mchwa upande ule uliogusa ardhi. Akacheka, akaniambia, “Mwalimu, hukuweka akiba. Umewaandalia wadudu karamu.”

Nilimwuliza sababu, naye akanieleza kwa lugha yake, na baadaye nilipotazama vitabuni niliona ya kuwa yote aliyosema ni kweli. Mti mbichi una maji mengi, yaweza kufika karibu nusu ya uzito wake. Maji yakitoka, mti hunywea, lakini haunywei sawasawa pande zote. Gogo la mviringo hunywea kwa kuzunguka karibu mara mbili kuliko linywavyo kutoka nje kuelekea moyoni. Kwa hiyo halina budi kupasuka, kama vile nguo iliyobana mtu anenepaye. Ukilipasua wewe mwenyewe mapema katikati ya moyo, lile vuto hupata nafasi, nalo halikupasulii mahali usipotaka. Tena maji hutoka upesi zaidi katika ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na ndiyo sababu nyufa huanzia nchani. Ukizipaka ncha nta au rangi nzito, maji hutoka polepole kwa adabu. Magome nayo ni nyumba ya wadudu, na mti mbichi una wanga ndani yake ambao wadudu wale huupenda. Na ardhi ni njia ya mchwa. Hata matawi yana tabia yake: tawi lililokaa limeinama maisha yake yote limevutwa upande wa juu, na ukilipasua ubao utajikunja. “Tawi halisahau lilivyokaa,” alisema fundi. Kwa hiyo vyombo vinyofu vitoke shinani, na matawi yapewe kazi za vyombo vilivyopinda vyenyewe, ama yaende jikoni.

Katika magogo 14, sita yalikuwa yamekwisha kabisa, matatu yamepasuka hata moyoni, na matano tu yalikuwa na sehemu nzima. Tulifanya kazi Jumamosi nne. Fundi alipasua kwa shoka na kabari, akachonga umbo kwa tezo, nami nikamaliza kwa kisu, kisha kwa kipande cha chupa, kisha kwa majani ya msasa, na mwisho nikapaka mafuta ya nazi. Tukapata mpini wa nyundo, mpini wa tezo aliouchukua fundi kwa haki yake, miko sita, na mchi mdogo mmoja. Katika ncha zilizosalia watoto wa shule walichonga pia tano, na mpaka leo zazunguka uwanjani.

Nilichukua mwiko mmoja ulio bora, pamoja na mzigo wa vipande vilivyoharibika, maana vilifaa kuni, nikaenda kwa yule bibi kuomba radhi. Akaupokea mwiko, akaugeuza-geuza mkononi, akapitisha kidole gumba juu ya mti wa manjano, nami nikaona ya kuwa ameupenda. Kisha akasema, “Ahsante, mjukuu wangu. Umechonga vizuri. Lakini mwiko haupiki pasipo kuni.” Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu amwambiaye mtoto jambo ambalo angepaswa kulijua.

Tangu siku ile nimelirudia swali langu, nami naona ya kuwa nililiuliza vibaya. Niliuliza: kuni au mpini? Kana kwamba ubaya uko motoni, na wema uko katika kuhifadhi. Lakini tazama hesabu yangu. Magogo sita hayakupika uji wa mtu wala hayakuwa mwiko wa mtu. Hata yule mchoma mkaa niliyemdharau asingefanya hasara kama hiyo. Moto wake ungempa mtu chakula. Akiba yangu ilimpa chakula mdudu. Basi kupoteza mali kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuteketeza bila kuuliza kama kitu kina kazi bora. Ya pili ni kushika bila kutenda, na kuiita ile hali ya kushika kuwa ni heshima. Ya kwanza ni kosa la mtu mwenye haraka, na ya pili ni kosa la mtu mwenye maneno. Sisi watu tuliosoma tu hatarini zaidi kwa kosa hili la pili.

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana katika jambo hili. Wamesema, “Subira yavuta heri,” na wamesema tena, “Ngoja ngoja yaumiza matumbo.” Zamani nilidhani mtu yampasa kuchagua mojawapo. Sasa naona zote mbili ni kweli, kila moja mahali pake. Mti uliopasuliwa, ukatolewa gome, ukapakwa nta nchani na kupangwa juu ya vijiti kivulini, huo unasubiri, na subira yake yavuta heri. Mti uliotupwa chini ya ukingo hausubiri, unangoja tu. Na tofauti ya kusubiri na kungoja ni ile kazi ya siku moja iliyofanyika mwanzoni.

Mtu ataniuliza, “Je, kama kila mwenye haja akija apewe, mipini itatoka wapi? Haja ya kuni haiishi, basi hakuna gogo litakalofika kwa fundi.” Hoja hii ni nzuri, nami nilijificha ndani yake asubuhi ile ya mvua. Walakini nimeona jibu lake. Mti wa matunda ukikatwa, sehemu kubwa ya mti ule haifai kazi ya useremala hata kidogo: vijiti vya juu, matawi yaliyopinda, mafundo, magome, maganda ya shoka. Kama ningefanya kazi yangu mwezi wa Agosti, ningekuwa na rundo dogo la mti mwema darini, na rundo kubwa la kuni kavu chini yake. Yule bibi alipokuja, ningempa kuni bila kugusa mti wa miko hata kidogo. Sikuwa na cha kumpa kwa sababu sikuwa nimegawa. Uvivu wangu wa Agosti ndio ulionifanya mchoyo wa Aprili. Nilidhani asubuhi ile nilikuwa nachagua kati ya mambo mawili mema, kumbe nilikuwa nalipa deni la uvivu kwa uji wa watoto wa mtu mwingine.

Na kama mtu hakufanya kazi ya Agosti, naye mwenye njaa akapiga hodi Aprili? Hapo nasema bila wasiwasi: ampe. Kazi ambayo haijaanza haina haki mbele ya njaa iliyokwisha kuanza. Mwiko ulio moyoni mwa mwalimu si mwiko. Heshima tuliyomwekea mpanda mti itimizwe kwa kumpikia uji jirani yake; nami nikimkumbuka babu alivyokuwa, sidhani kama angelichagua jambo jingine.

Basi kwa wale watakaokata mti wa matunda mwaka huu, nawaandikia yale niliyojifunza kwa hasara. Siku ile ile ya kukata, ketini mgawe. Sehemu nyofu na nzima za shina zipasueni kupitia moyoni, mzitoe gome, mzipake nta au rangi nchani, mzipange kivulini juu ya vijiti zisigusane wala zisiguse ardhi, na upepo upite. Vipande vyembamba vya miko vyaweza kuchongwa vingali vibichi, maana ni laini zaidi, kisha vikaushwe polepole. Vile vinene hutaka miezi mingi. Mwambieni fundi siku ile ile, wala msimngoje akumbuke. Mengine yote ni kuni, tena kuni halali, zichomwe kwa shukrani. Na kama hamna nia ya kufanya kazi hii, au hamna nafasi, mpeni fundi magogo, au mpeni jirani, lakini msiyaweke kwa ajili ya kuyatazama.

Yuko atakayesema ya kuwa haya ni mambo ya zamani, kwa kuwa miko ya plastiki imejaa sokoni kwa bei ndogo. Ni kweli, nami sikatazi mtu kuinunua. Lakini mwiko wa plastiki huyeyuka ukingoni ukiachwa katika sufuria ya moto, na ukivunjika haufai hata kuni. Mwiko wa mchungwa ukichakaa, waweza bado kuwasha jiko asubuhi. Chombo ambacho mwisho wake pia ni msaada si chombo cha kudharauliwa. Tena mtoto aliyechonga pia kwa mkono wake anautazama mti kwa macho mengine, naye akiwa mkubwa atauliza kabla hajainua shoka.

Mahali uliposimama mchungwa wa babu nimeng'oa kisiki, na hatua chache kando yake, mbali na udongo ule wenye ugonjwa, nimepanda miche miwili ya michungwa iliyopandikizwa juu ya mlimau. Haijazaa bado. Mama aliponiona napima nafasi ya kupanda aliniuliza, “Na hii nayo utaiwekea magogo?” Nikamwambia, “La, Mama. Hii nitakayoyaona ni matunda. Magogo ni ya wajukuu.” Akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza juu ya habari hii tangu ile asubuhi ya masika.

Mwiko wa kwanza niliouchonga, ule uliopinda kidogo, uko jikoni kwetu. Kila asubuhi mama akoroga uji kwa mwiko ule, nami nausikia ukigonga sufuria, na kila ugongapo nakumbuka ya kuwa chini ya sufuria ile kuna kuni.